Mgonjwa Mmoja kati ya Elfu: Daktari wa Familia Aliyeingia Chuo Kikuu

Mwanafunzi wa udaktari anapoanza kuvaa koti jeupe, mahali anapopelekwa kujifunza ugonjwa ni wodini. Huko humkuta mgonjwa amelala kitandani, jalada lake limejaa karatasi za vipimo, na jina la ugonjwa wake limekwisha kuandikwa. Kazi ya mwanafunzi ni kusikiliza mapafu aliyoambiwa kuwa yana kasoro, kupapasa ini aliloambiwa kuwa limevimba, kisha kumweleza mwalimu jambo ambalo mwalimu analijua tayari. Ni mafunzo mazuri, wala sina nia ya kuyabeza. Lakini yamejengwa juu ya dhana ambayo kwa muda mrefu hakuna aliyeihoji, yaani kwamba mgonjwa wa wodini ni mfano wa wagonjwa wote.

Makala haya yanamhusu daktari mmoja aliyeihoji dhana hiyo, na aliyetumia nusu ya pili ya maisha yake ya kazi kuwafundisha wanafunzi namna nyingine ya kutazama. Jina lake ni Ian McWhinney. Alizaliwa Uingereza mwaka 1926, akafariki Kanada mwaka 2012. Mimi si tabibu. Fani yangu ni takwimu, na nilimfikia kwa njia ya hesabu. Kwa hiyo msomaji ataniwia radhi nikianza na hesabu.

Mwaka 1961 mtafiti wa Kimarekani, Kerr White, pamoja na wenzake wawili, walichapisha makala mafupi ambayo hadi leo hutajwa kila pale elimu ya udaktari inapojadiliwa. Waliuliza swali jepesi. Tuchukue watu wazima 1000 katika jamii, tuwaangalie kwa mwezi mmoja: wangapi wataugua, na wataishia wapi? Kwa kukusanya takwimu za Marekani na Uingereza walikadiria hivi: katika hao 1000, watu 750 watapatwa na maradhi au maumivu ya namna fulani. Kati yao, 250 watakwenda kumwona daktari. Watu 9 watalazwa hospitalini. Watano watapelekwa kwa daktari mwingine. Na mtu mmoja tu atafika katika hospitali kubwa ya chuo kikuu, pale ambapo wanafunzi wanafundishwa.

Mtu mmoja! Hesabu hiyo ilirudiwa mwaka 2001 kwa takwimu mpya za Marekani, na ingawa miaka 40 ilikuwa imepita na dawa nyingi mpya zilikuwa zimegunduliwa, picha ilibaki karibu vilevile: waliofika hospitali ya chuo kikuu katika mwezi mmoja walikuwa chini ya mmoja kati ya 1000. Katika takwimu tuna neno kwa jambo kama hili. Sampuli ya namna hii imeegemea upande mmoja. Mtu anayetaka kujua samaki wa bahari kwa kutazama wale walionaswa na wavu wa matundu makubwa atasema kweli kabisa kwamba baharini hakuna dagaa.

Daktari wa mji mdogo

McWhinney alisoma Cambridge, akamalizia mafunzo ya tiba katika hospitali ya St Bartholomew's mjini London. Kisha akafanya jambo ambalo wenzake wengi wenye vipaji walilikwepa: alikwenda Stratford-upon-Avon kufanya kazi pamoja na baba yake, aliyekuwa daktari wa kawaida wa watu wa mji huo. Alikaa huko hadi mwaka 1968.

Yafaa msomaji aelewe hali ya kazi hiyo wakati ule. Mwaka 1950 daktari kutoka Australia, Joseph Collings, alichapisha katika jarida la Lancet ripoti iliyowaumbua madaktari wa kawaida wa Uingereza. Alikuta kliniki chafu, vifaa duni, na wagonjwa wakipitishwa harakaharaka. Chuo cha kitaaluma cha madaktari hao kilianzishwa mwaka 1952 ili kujitetea na kujirekebisha. Hata hivyo, mwaka 1958 Lord Moran, aliyekuwa daktari wa Winston Churchill, aliiambia tume ya serikali kwamba taaluma ya udaktari ni kama ngazi, na kwamba madaktari wa kawaida ni wale walioanguka kutoka ngazi hiyo. Maneno hayo yaliwachoma wengi, na yaliendelea kukumbukwa kwa miaka mingi.

Lakini mtu aliyeanguka chini ya ngazi, kama kweli ameanguka, huona vitu ambavyo aliye juu havioni. James Mackenzie alikuwa daktari wa kawaida katika mji wa viwanda wa Burnley kwa karibu miaka 30, na kwa kupima mapigo ya mishipa ya wagonjwa wake mwaka baada ya mwaka aliweza kutenganisha mapigo yasiyo sawa yaliyo ya hatari na yale yasiyo na madhara. William Pickles, daktari wa bonde la Wensleydale, aliandika katika daftari kila homa ya kuambukiza iliyoingia vijijini kwake. Kwa kuwa aliwajua watu wote na sherehe zote walizohudhuria, aliweza kuhesabu siku kati ya maambukizo na dalili za kwanza. Kitabu chake kilitoka mwaka 1939. Hospitali kubwa isingeweza kufanya kazi hiyo, maana mgonjwa afikaye hospitali ameachana na kijiji chake.

McWhinney alifuata nyayo hizo. Mwaka 1964 alichapisha kitabu kuhusu dalili za awali za maradhi, kilichotokana na yale aliyoyaona kwa wagonjwa wake mwenyewe. Ili kuona kwa nini somo hilo ni gumu, na kwa nini lina uzito wa kufa na kupona, tuchukue mfano ambao mwanafunzi wa biolojia anaweza kuufuata hatua kwa hatua.

Kidole tumbo kinapoanza kuvimba, mgonjwa hasikii maumivu mahali kilipo. Husikia maumivu ya jumlajumla katikati ya tumbo, karibu na kitovu, na pengine kichefuchefu. Sababu yake ni kwamba neva zinazotoka katika utumbo huingia katika uti wa mgongo mahali palepale zinapoingia neva za ngozi ya kitovuni, na ubongo, usiozoea kupata habari kutoka utumboni, huyapeleka maumivu mahali unapopajua. Saa kadhaa zikipita, uvimbe hugusa utando unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo. Utando huo una neva zake, zenye kujua mahali hasa. Ndipo maumivu huhamia upande wa kulia, chini, na mgonjwa hushindwa kukohoa bila kujikunja. Huyo ndiye mgonjwa aliyechorwa vitabuni, na ndiye ambaye daktari mpasuaji humkuta.

Sasa jiweke mahali pa daktari wa kwanza, saa mbili baada ya maumivu kuanza. Mtoto analalamika kitovu. Jana alikula maembe mabichi. Leo asubuhi alikataa kwenda shule, na kuna mtihani. Je, ni maembe, ni mtihani, au ni kidole tumbo? Kitabu hakimsaidii daktari huyu, kwa sababu ugonjwa ulioandikwa humo haujafika bado. Akimpeleka kila mtoto wa namna hii hospitalini, hospitali itafurika. Akimrudisha kila mmoja nyumbani na vidonge, mmoja atarudi utumbo umetoboka. Anachoweza kufanya ni kuutumia muda wenyewe kama kipimo: amtazame mtoto sasa, amwambie mama ni mabadiliko gani ayaangalie, kisha amwone tena baada ya saa chache. Kungoja kwa namna hii ni ujuzi kamili, na hakuna wodi inayoufundisha.

Kutoka kliniki hadi mimbari

Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimteua Richard Scott kuwa profesa wa udaktari wa kawaida, wa kwanza duniani. Swali likawa: je, kweli kuna kitu hapa cha kufundishwa chuo kikuu, au ni vipande tu vilivyookotwa kutoka kwa wataalamu wengine, kidogo cha moyo, kidogo cha watoto, kidogo cha ngozi? McWhinney alilijibu mwaka 1966 katika Lancet. Alisema taaluma yoyote inayostahili kuitwa hivyo sharti iwe na uwanja wake wa kazi, elimu yake inayoelezeka, utafiti wake ulio hai, na mafunzo yanayoitaabisha akili. Kisha akaonyesha kuwa udaktari wa kawaida unaweza kutimiza masharti yote manne, ingawa alikiri kuwa bado kazi ilikuwa nyingi.

Miaka miwili baadaye aliitwa kwenda kuthibitisha maneno yake. Chuo Kikuu cha Western Ontario, katika mji wa London nchini Kanada (mji huo nao una mto uitwao Thames, waliouanzisha hawakutaka kujisumbua kutafuta majina), kilimfanya profesa wa kwanza wa udaktari wa familia katika nchi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 41. Aliiongoza idara hiyo kwa karibu miaka 20.

Katika yote aliyoyafundisha, sehemu inayonivutia zaidi kikazi ni hii ifuatayo. Namwomba mwalimu wa hisabati aipeleke darasani, kwa maana haihitaji zaidi ya kujumlisha na kugawanya.

Tuseme tuna kipimo ambacho, kikitumiwa kwa watu 100 wenye ugonjwa fulani, huwatambua 90. Na kikitumiwa kwa watu 100 wasio nao, huwaachilia 90 na kuwasingizia 10. Kipimo hicho kitumiwe kwanza katika hospitali ya rufaa, kwa wagonjwa 1000 waliokwisha kuchujwa na madaktari wengine, hata nusu yao, yaani 500, wana ugonjwa huo kweli. Kipimo kitawatambua 450 katika hao, na kitawasingizia 50 katika wale 500 wengine. Walioambiwa wanao ni 500, na kati yao 450 wanao kweli, yaani asilimia 90. Daktari wa hospitali ana haki ya kukiamini kipimo chake.

Tukichukue kipimo hichohicho, bila kukibadili hata kidogo, tukipeleke katika kliniki ya mtaani. Hapa watu 1000 waliokuja na dalili ileile hawajachujwa na mtu, na wenye ugonjwa ni 10 tu. Kipimo kitawatambua 9 katika hao 10. Lakini katika wale 990 wasio nao, kitawasingizia 99. Walioambiwa wanao ni 108, na wanao kweli ni 9, yaani mmoja kati ya 12. Daktari kijana aliyetoka wodini na imani yake yote katika kipimo kile atawatia hofu watu 99 wazima, na pengine atawapa dawa zenye madhara au kuwapeleka kupasuliwa.

Hesabu hii ina upande wake wa pili, ambao husahauliwa. Katika kliniki ya mtaani, walioambiwa hawana ni 892, na aliyeponyoka kati yao ni mmoja tu. Hospitalini, walioambiwa hawana ni 500, na 50 kati yao wanao. Kwa hiyo jibu la “huna” lina nguvu sana mtaani na ni dhaifu hospitalini, na jibu la “unao” ni kinyume chake. Madaktari hawa wawili hawatofautiani kwa akili wala kwa bidii. Wanafanya kazi katika jamii mbili tofauti za wagonjwa, na kanuni ya uwezekano haimpendelei yeyote. Mtu aliyefunzwa katika jamii moja tu hajafunzwa kwa ajili ya nyingine.

Kumsikiliza mgonjwa kwa utaratibu

Tatizo la pili lilikuwa gumu kuliko hesabu. Lugha yetu husaidia kulieleza. Tunalo neno ugonjwa, na tunalo neno kuugua. Ugonjwa una jina, na unaweza kuandikwa katika jalada. Kuugua ni jambo la mtu: ni usiku asiolala, shamba lisilolimwa, hofu asiyomwambia mkewe. Watu wawili wenye ugonjwa mmoja hawaugui sawasawa, na wako wengi wanaougua bila ugonjwa wowote kuonekana. Utaratibu wa wodini ulikuwa na njia madhubuti ya kuutafuta ugonjwa: historia, uchunguzi wa mwili, vipimo, jina. Haukuwa na njia yoyote ya kuuchunguza ule upande wa pili. Uliachwa kwa huruma ya daktari, ikiwapo.

Msaada ulitoka Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari wa kawaida wa nchi hiyo, Joseph Levenstein, alifika Western Ontario kama profesa mgeni. Alikuwa amechunguza kwa makini mazungumzo yake mwenyewe na wagonjwa, akitafuta ni lipi lililofanya baadhi yafanikiwe na mengine yasifanikiwe. McWhinney na wenzake waliichukua kazi hiyo wakaiendeleza, na mwaka 1986 wakachapisha utaratibu unaomweka mgonjwa katikati. Kwa kifupi, daktari hufuata nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Uzi mmoja ni ule wa zamani, wa kuutafuta ugonjwa. Wa pili ni wa kutafuta mambo manne kwa mgonjwa: ana hisia gani juu ya hali yake, hasa hofu, yeye mwenyewe anadhani ni nini, hali hiyo imemzuia kufanya nini, na anatarajia daktari amfanyie nini. Mwishoni nyuzi hizo husokotwa pamoja, na wawili hao hukubaliana tatizo ni lipi na hatua ipi ichukuliwe.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamivu niliumwa kichwa kwa majuma kadhaa, nikaenda kwa daktari. Akaniuliza, “Wewe unadhani ni nini?” Moyoni nikasema, loo, huyu hajui kazi; nimemfuata yeye aniambie, naye ananiuliza mimi. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Mwishowe nikamwambia kwamba mjomba wangu alikufa kwa uvimbe wa ubongo, na kwamba alianza hivihivi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Alinichunguza macho na neva kwa utulivu, akinieleza kila anachokitafuta na kwa nini hakipo. Kichwa kiliendelea kuuma siku chache zaidi, kisha sikumbuki kilikoma lini.

Hadithi ya mtu mmoja si ushahidi, na mwanatakwimu akiitegemea atachekwa. Ila ushahidi upo. Mwaka huohuo wa 1986 kikundi cha watafiti wa Western Ontario kilitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa mwaka mzima wagonjwa waliokwenda kwa madaktari wa familia wakiumwa kichwa. Waliosema kwamba siku ya kwanza walipata nafasi ya kueleza yote waliyotaka kuyaeleza walikuwa na uwezekano wa kupona, kwa kukadiria, zaidi ya mara 3 ya wale waliokosa nafasi hiyo. Na nafasi hiyo ilikuwa adimu. Watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walirekodi mazungumzo 74 na mwaka 1984 wakatangaza kwamba madaktari walimkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Hesabu sekunde 18 kwa saa yako, msomaji, uone umefika wapi. Mwaka 2000 Moira Stewart, aliyekuwa miongoni mwa wenzake McWhinney, alionyesha pia kwamba pale mgonjwa anapoona wamekubaliana na daktari wake, vipimo na rufaa zinazofuata hupungua. Kusikiliza, basi, hupunguza gharama.

McWhinney aliwataka wanafunzi watoke nje ya kliniki. Alishikilia kwamba daktari wa familia amemwahidi mtu, hajauahidi ugonjwa. Ahadi hiyo haina mwisho pale ugonjwa unapotoweka, wala pale unapokosa tiba. Alitaka daktari aishi miongoni mwa wagonjwa wake na awatembelee majumbani mwao. Wengine walimwona mtu wa kale kwa jambo hili, maana ziara za nyumbani zilikuwa zikipungua katika nchi tajiri. Naye hakurudi nyuma. Mwaka 1997, akiwa mstaafu, bado alichapisha hotuba juu ya daktari, mgonjwa na nyumba. Kitabu chake cha mafunzo, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1989, kilichapishwa kwa mara ya nne mwaka 2016, miaka minne baada ya kifo chake.

Sina budi kutaja pingamizi moja lenye uzito. Utaratibu huu ulibuniwa katika nchi ambayo daktari ana dakika 10 au 15 kwa kila mgonjwa, na huyohuyo atamwona tena mwezi ujao. Katika zahanati yenye foleni inayoanza alfajiri, ambapo mhudumu hubadilishwa kila mara, mtu ana haki ya kuuliza maswali manne yatatoka wapi. Sioni jibu la mkato. Lakini wazo la kumfundisha mwanafunzi nje ya wodi si geni kwetu. Kituo cha Afya cha Kasangati, nje kidogo ya Kampala, kilifunguliwa mwaka 1959 ili wanafunzi wa udaktari wa Makerere wajifunze miongoni mwa wanavijiji, miaka 9 kabla ya McWhinney kupanda mimbari yake. Na mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Moi, huko Eldoret, kilianza kutoa mafunzo ya uzamili ya udaktari wa familia kwa madaktari waliokwisha kuhitimu.

Kwa walimu watakaopenda kulijaribu jambo hili darasani, hesabu ya Kerr White haihitaji maabara. Kila mwanafunzi achore katika daftari jedwali la siku 30, bila kutaja jina la mtu. Kila jioni aandike ni wangapi nyumbani kwao waliolalamika maumivu yoyote, ni wangapi waliojitibu wenyewe au kununua dawa dukani, ni wangapi waliokwenda kwa mganga, zahanati au kituo cha afya, na ni wangapi waliolazwa. Mwisho wa mwezi darasa lijumlishe yote, ligawanye kwa idadi ya watu wa nyumba zote, kisha lizidishe kwa 1000. Darasa la wanafunzi 40 litakuwa limewatazama watu 200 au zaidi, idadi inayotosha kuchora ngazi nzima ubaoni, kasoro kile kidato cha juu kabisa. Cha hapo huenda pasipatikane hata mtu mmoja.